"Idiot": Tusi Lenye Kesi ya Kujibu

Katika matusi ya Kiingereza, "idiot" huhesabiwa kuwa dogo. Halitaji sehemu za siri, halimgusi mama wa mtu, na redioni hupita bila kufunikwa kwa mlio. Dereva humtupia mwenzake aliyechomekea, bosi humtupia karani, na mtu hujitupia mwenyewe akisahau ufunguo ndani. Kwa sababu hiyo wengi huona si neno la kukaliwa kikao. Mimi naona lina historia nzito kuliko matusi mengi yanayopigwa marufuku, na kurasa kadhaa za historia hiyo zimo katika sheria zetu hapa Afrika Mashariki.

Sauti nne zinazofuata nimezitunga, ila hoja zake nimezisikia kwa watu ninaowaheshimu. Kijana anasoma isimu chuo kikuu. Padri ni mstaafu aliyejifunza Kigiriki seminarini. Wakili amezeekea mahakamani. Mama ana binti mwenye ulemavu wa akili. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Shikamooni. Naomba nianze, maana najua nitakuwa peke yangu. Maana ya neno ni ile iliyomo vinywani mwa wanaolisema leo. Chukueni "nice", ambalo kila mtoto wa shule hulitumia kusifia chakula na nguo. Lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kutojua, na Waingereza wa karne ya 14 walilitumia kumwita mtu mpumbavu. "Silly" nalo likaenda kinyume: zamani alikuwa mtu aliyebarikiwa, leo ni mtu wa mambo ya kipuuzi. Maneno huhama. Anayesema "idiot" barabarani hawazii hospitali wala mahakama. Ana hasira na gari lililomkata mbele. Tukimlaumu kwa maana asiyoikusudia, tunamwadhibu kwa kosa la watu waliokufa zamani.

PADRI: Marahaba, kijana. Kuhusu kuhama kwa maneno umesema kweli, na hili limehama mbali kuliko mengi. Kigiriki cha kale kina neno "idios", lenye maana ya kitu cha mtu mwenyewe, kitu binafsi. Humo likazaliwa "idiotes", raia wa kawaida asiye na wadhifa wa umma. Baadaye likapanuka kuwa mtu yeyote asiye mtaalamu wa fani inayozungumzwa. Mwanahistoria Thucydides, anapoanza kuieleza tauni iliyoipiga Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, anamwachia tabibu na "idiotes" kila mmoja aseme anavyojua kuhusu chanzo chake. Huyo wa pili ni mtu asiye tabibu, basi. Thucydides mwenyewe, aliyeugua tauni hiyo akapona, hakuwa tabibu. Hakuna dharau hapo.

Kwa Wakristo mfano uko karibu zaidi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 4, Petro na Yohana wamesimamishwa mbele ya Baraza. Wakuu wanashangazwa na ujasiri wao, kwa kuwa wametambua kwamba ni watu wasiosoma na ni "idiotai". Neno ni hilohilo, mstari wa 13. Walimwita hivyo Mtume Petro, wakimaanisha kwamba hakuketi miguuni pa walimu wa sheria.

KIJANA: Lakini Padri, kuna maelezo yanayosambaa sana, hasa uchaguzi unapokaribia, kwamba Waathene walimwita "idiot" raia asiyepiga kura.

PADRI: Nayajua. Yanapendeza, ndiyo maana hayafi, lakini hayasimami. Wanaoyaeneza huegemea hotuba ya Pericles, kiongozi wa Athens, kwenye mazishi ya askari, anaposema kwamba Waathene humwona asiyejihusisha na mambo ya mji kuwa mtu asiye na faida. Fungua Kigiriki chake: neno lililopo ni "achreios", asiyefaa. "Idiotes" halimo katika hukumu hiyo. Raia wa Athens aliweza kupiga kura asubuhi katika mkutano wa wananchi, akarudi shambani kwake mchana akiwa bado ni "idiotes", kwa sababu tu hakushika cheo.

Niongeze moja, kwa sababu nalipenda. Mwaka 1450 Nicholas wa Cusa, kardinali na mwanafalsafa, aliandika kwa Kilatini majadiliano ambayo mwalimu wake mkuu ni "idiota". Ni mtu asiyesoma, fundi anayechonga vijiko vya mbao. Wanaokuja kujifunza kwake ni mwanafalsafa na msemaji hodari. Kwa kardinali yule, asiyesoma alikuwa na jambo la kuwaambia waliosoma.

MWANDISHI: Hapa naingia, kwa sababu Kiswahili kina safari inayofanana na hiyo. Katika pwani ya karne ya 19, mjinga alikuwa mgeni: mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye bado hajaijua lugha wala desturi za mji. Watumwa wapya waliitwa watumwa wajinga, wakitofautishwa na wazalia. Mpaka leo lugha yetu haimchanganyi mjinga na mpumbavu. Mjinga hajui, na akifundishwa atajua. Nyerere alipoutaja ujinga pamoja na maradhi na umaskini kuwa maadui wa taifa, watu hawakuona wametukanwa; walijiandikisha katika madarasa ya watu wazima. Lakini nisilisafishe neno kupita kiasi. Mjinga yule wa pwani lilikuwa neno la mwenye mtumwa, akimtaja mtu aliyemnunua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza neno limetoka wapi, nataka kuuliza lilikuwa mkononi mwa nani, na aliyeitwa hivyo alifanywa nini.

WAKILI: Kwa Uingereza, jibu ni kwamba lilikuwa mkononi mwa mfalme, na aliyeitwa hivyo alinyang'anywa shamba. Naomba nilieleze hili polepole, maana watu wengi huruka kutoka kwa Wagiriki hadi kwa madereva wa leo na kuziacha karne sita katikati.

Neno liliingia Uingereza kupitia Kifaransa, na katika karne ya 14 lilikuwa bado na maana ya asiyesoma. Wakati huohuo sheria ilikuwa inalihitaji neno kwa kazi nyingine. Kulikuwa na hati iliyoitwa Prerogativa Regis, iliyoorodhesha haki maalumu za mfalme. Hati hiyo iliwagawa watu wenye matatizo ya akili mafungu mawili. Aliyepoteza akili ukubwani, mfalme alimtunzia mali, na faida yake ilikuwa ya mgonjwa na jamaa yake. Lakini aliyezaliwa hivyo, yule ambaye wanasheria walimwita "idiot", ardhi yake ilikwenda kwa mfalme, na mazao yake yakawa ya mfalme maisha yote ya mtu huyo. Mfalme aliwajibika kumlisha na kumvisha tu. Akishakufa, ardhi ilirudi kwa warithi.

Sasa unaona kwa nini ilikuwa lazima kujua nani ni nani. Iliandikwa amri ya kufanya uchunguzi, na watu kumi na wawili wa baraza la wazee wa mahakama wakaketi kumhoji mtu. Mwanasheria Fitzherbert, katika kitabu chake cha 1534, anaeleza kipimo: je, mtu huyu anaweza kuhesabu pensi ishirini? Anaweza kumtaja baba yake na mama yake? Anaujua umri wake? Anajua lipi ni faida kwake na lipi ni hasara? Akishindwa, alitangazwa. Na mfalme hakulima mashamba hayo mwenyewe. Aliweza kumpa haki hiyo mtu mwingine. Ikawa desturi ya watu wa ikulu kumwomba mfalme awape mjinga fulani, yaani awape usimamizi wa mtu huyo pamoja na mapato ya shamba lake.

MAMA: Pensi ishirini? Binti yangu hafiki ishirini akihesabu. Ananijua jina langu na la baba yake, anaijua njia ya kwenda kwa bibi yake peke yake, na mtaani kwetu anajua nani anampenda na nani anamcheka. Umri wake hajui. Kwa hiyo angepata nusu ya mtihani wao, na kiwanja alichoachiwa na babu yake kingekwenda?

WAKILI: Ingetegemea wale kumi na wawili, mama. Na kuna jambo la heri hapo. Blackstone, aliyeanza kuchapisha maelezo yake ya sheria za Uingereza mwaka 1765, anasema wazee wa baraza walikuwa wakikwepa kumtangaza mtu kuwa "idiot" tangu kuzaliwa. Walisema akili zake ziliharibika tangu tarehe fulani, ili afuate lile fungu jingine na jamaa zake wasipoteze mapato. Walikuwa watu wa kijijini mwake, na walijua tamko hilo lingeleta nini katika nyumba ya jirani.

Katika karne ya 19 neno lilihama kutoka kwa mfalme kwenda kwa daktari. Mwaka 1855 lilifunguliwa jengo kubwa la Earlswood, huko Surrey, kwa ajili ya watu walioitwa kwa jina hilo, na jina hilo likaandikwa katika jina rasmi la taasisi yenyewe. Bunge likapitisha sheria ya 1886 iliyowatenganisha na wagonjwa wa akili. Ikaja Sheria ya Upungufu wa Akili ya 1913, yenye ngazi nne za watu, ya chini kabisa ikiwa ni "idiot" na inayofuata "imbecile". Sheria hiyo iliwafungia watu ndani ya taasisi hizo, wengine mpaka uzee. Ilifutwa mwaka 1959.

KIJANA: Nakubali kwamba lilikuwa neno la sheria na la tiba. Lakini Wakili, hilo linanisaidia mimi. Leo si neno la tiba tena. Limeachwa, watu wakalichukua, likawa tusi la kawaida.

MWANDISHI: Subiri tufike Marekani kwanza, kwa sababu huko ndiko tusi jingine la leo lilitengenezwa mezani, na mwaka wake unajulikana.

Mwaka 1905 mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo cha maswali kwa watoto wa shule. Wizara ya elimu ya Ufaransa ilitaka kujua ni watoto gani wanahitaji msaada zaidi darasani, na Binet alisisitiza kwamba kipimo hicho kisigeuzwe kuwa mhuri wa maisha. Henry Goddard, mkurugenzi wa utafiti katika shule ya Vineland, New Jersey, alikichukua akakivusha bahari, naye akafanya kile Binet alichokihofia. Mwaka 1910 chama cha wataalamu wa Marekani kilikubali mgawanyo wake: mtu mzima mwenye akili ya mtoto asiyezidi miaka 2 ni "idiot", kati ya miaka 3 na 7 ni "imbecile", na kati ya 8 na 12 akapewa jina jipya ambalo Goddard alilibuni mwenyewe, "moron". Hao wa tatu ndio waliomtia hofu kuliko wote, kwa sababu kwa macho hawajulikani. Walifanya kazi, walizungumza vizuri, walioa na kuolewa.

PADRI: Na alilitoa kwenye Kigiriki pia: "moros", mpumbavu. Goddard alilihitaji neno lisilo na historia katika Kiingereza, akaokota hilo. Lakini lilikuwa na historia. Katika Mathayo 5:22, Yesu anapoonya kwamba anayemwita ndugu yake mpumbavu atastahili moto, neno la Kigiriki ni hilo. Nimelifundisha andiko hilo mara nyingi, na nikisoma habari za Goddard naona uzito wake. Katika Mathayo ni neno la hasira kati ya ndugu wawili. Yeye aliliweka kwenye fomu.

WAKILI: Na fomu ikafika mahakamani. Carrie Buck alizaliwa Virginia mwaka 1906, katika familia maskini. Akalelewa na watu wengine. Alipokuwa na miaka 17 alipata mimba baada ya kubakwa na ndugu wa familia iliyomlea, na familia hiyo ikaomba apelekwe katika taasisi ya serikali ya watu wenye kifafa na wenye upungufu wa akili. Mama yake mzazi alikuwa ameshafungiwa humo. Mwaka 1924 Virginia ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu wa aina hiyo, na wakuu wa taasisi wakamchagua Carrie awe kesi ya kupimia kama sheria inasimama. Wakili aliyewekwa kumtetea alikuwa rafiki wa upande wa pili. Mtoto wa Carrie, Vivian, alitazamwa akiwa na miezi michache tu, ikasemwa kwamba naye hayuko sawasawa.

Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba Virginia ina haki. Jaji Oliver Wendell Holmes, mmoja wa majaji wanaosifiwa zaidi katika historia ya nchi ile, aliandika kwamba vizazi vitatu vya "imbecile" vinatosha. Mwezi wa Oktoba Carrie akafungwa kizazi. Vivian alikwenda shule ya msingi, akafanya vizuri hadi jina lake likawekwa katika orodha ya heshima, kisha akafa mwaka 1932 akiwa na miaka 8. Watu zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi Marekani kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani ya Hitler ilipotunga yake mwaka 1933 ilikuwa na mfano wa kuutazama, na waliofungwa kizazi huko walifika takriban 400,000. Gavana wa Virginia aliomba radhi mwaka 2002. Uamuzi wa 1927 wenyewe Mahakama Kuu haijawahi kuutengua waziwazi.

MAMA: Kwa hiyo hawakumwona Carrie. Waliona neno.

KIJANA: Mama, kisa hiki kinauma na sitakipunguza. Lakini nipeni nafasi ya hoja yangu ya mwisho, kwa sababu naamini ndiyo yenye nguvu. Tukilifuta neno tutapata nini? Chama kilekile kilichompokea Goddard kilianzishwa mwaka 1876 kikiwa na neno "idiotic" katika jina lake. Mwaka 1906 kikabadili kikachukua neno la udhaifu wa akili. Mwaka 1933 likawa upungufu wa akili. Mwaka 1987 likawa "retardation", kuchelewa kwa akili. Mwaka 2007 likawa ulemavu wa akili. Kila jina lilichaguliwa kwa nia njema, na kila moja watoto walilibeba hadi uwanja wa shule wakalifanya tusi. "Retarded" lilikuwa neno la upole! Mwaka 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya kuliondoa katika sheria za serikali kuu, na wazazi waliolilia liondolewe walikuwa na haki. Lakini neno jipya nalo litachafuka. Dharau ikibaki moyoni, itapata jina. Hata sisi tulikuwa na madarasa ya watoto taahira, jina lililowekwa na wizara bila nia mbaya. Leo nani atamwita mtoto wake taahira?

MAMA: Hakuna. Lakini mwanangu, wanaitwa. Mimi nitajibu hoja yako kwa kuwa ndiyo pekee humu inayonihusu kila siku. Unasema neno jipya litachafuka. Inawezekana. Najua kwamba mwalimu anayesema "mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili" anaweza kuwa na dharau ileile. Lakini kipindi ambacho neno bado ni safi, mtu hulisema kwa uangalifu, na katika uangalifu huo huniuliza jina la binti yangu. Nilipompeleka kuandikishwa shule ya kwanza, aliyenipokea alisema "hapa hatuchukui taahira" kabla hajamwuliza mtoto chochote. Shule ya pili, mwalimu aliuliza anaitwa nani, anapenda nini, anajisaidia mwenyewe chooni? Nikajibu. Leo yuko darasani. Neno la kwanza lilimwezesha yule mtu kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Hiyo ndiyo kazi yake. Ukiniambia kwamba baada ya miaka thelathini tutabadili tena, nitakwambia tubadili tena. Nguo nazo huchafuka kila siku na tunazifua.

KIJANA: Na dereva?

MAMA: Dereva simfuati. Sina muda naye.

WAKILI: Mimi ninaye mtu wa kumfuata. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanganyika zilianza kutumika mwaka 1930, na pamoja na ya Uganda zilibeba kifungu kimoja kutoka kwa Waingereza kinachohusu kumwingilia mwanamke ambaye sheria inamwita "idiot" au "imbecile". Tanzania ni kifungu cha 137. Nia yake ni kumlinda, nakubali. Lakini kwanza kinamtukana, halafu kinamlinda kwa bei ndogo. Tangu 1998 ubakaji Tanzania una kifungo kisichopungua miaka 30. Kifungu hiki kilibaki na miaka 14, na upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba mtuhumiwa alijua mwanamke huyo ni wa hali hiyo. Fikiria binti amesimama kizimbani kutoa ushahidi, wakili wa utetezi na wa serikali wakibishana kama yeye ni "idiot" wa kutosha kwa kiwango cha kifungu. Ni zile pensi ishirini tena, kwenye mahakama ya wilaya.

Uganda, mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba maneno hayo katika kifungu chao yanadhalilisha utu. Kenya ilikwenda mbele zaidi kwa njia ya Katiba ya 2010: ibara ya 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Namna mtu anavyotajwa imewekwa kuwa haki ndani ya katiba. Sijui wangapi wanaifahamu ibara hiyo.

Na kwa kuwa kijana aliuliza kuhusu kura, nimpe jibu la kisheria. Athens haikumwita hivyo asiyepiga kura. Ila katiba ya jimbo la Ohio, Marekani, iliyoandikwa mwaka 1851, inasema mtu wa jina hilo hana haki ya kupiga kura. New Jersey ilikuwa na maneno kama hayo, wananchi wakayaondoa kwa kura mwaka 2007. Kwa hiyo hadithi ya mtandaoni imegeuza mambo: inamlaumu "idiot" kwa kutopiga kura, wakati ni sheria iliyomfungia mlango wa kituo.

PADRI: Hilo nitalihubiri.

MWANDISHI: Nitoe rai yangu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kujua nimesimama wapi.

Kijana ameshinda sehemu moja, nami sitaki kumnyima. Asili ya Kigiriki haiwezi kutumika kumhukumu mtu anayelisema neno hili leo, wala haiwezi kumtakasa. Wanaokimbilia kwa Waathene kusema "idiot" maana yake ni raia asiyejali siasa wanajipatia tusi lenye sura ya elimu, na mara nyingi hulitumia kuwadharau maskini waliochoka na ahadi. Maana hiyo haipo, na ingekuwepo isingebadili lililotendeka kati ya Prerogativa Regis na hukumu ya 1927.

Lakini Kijana amekosea anaposema neno limeachwa na sheria. Halijaachwa. Liko Ohio, na kwetu liliachwa na wakoloni ndani ya vitabu tunavyowasomesha mawakili wetu. Hapo halisemwi kwa hasira ya barabarani. Linasemwa na jaji, kwa utulivu, na baada yake mtu hupata au hukosa haki. Kwa miaka mia sita watu wameangaliwa, wakaulizwa maswali machache, wakapewa jina, na nyuma ya jina likafuata shamba, au kizazi, au kura. Hiyo ndiyo sehemu ya neno ninayotaka ishughulikiwe, na haihitaji kumkamata dereva yeyote.

Kwa hiyo ombi langu halina mzunguko. Wabunge wa nchi ambazo kifungu hiki bado kimo vitabuni wakiandike upya: waondoe jina, na adhabu iwe sawa na ya ubakaji wa mwanamke mwingine yeyote. Wanaotafsiri sheria kwa Kiswahili wasije wakaondoa "idiot" wakaweka punguani au taahira, wakadhani wamefanya kazi. Wahariri wa habari waandike "mwenye ulemavu wa akili" hata nafasi ya kichwa cha habari ikiwa finyu. Na mwalimu mkuu anayepokea watoto mwezi wa Januari, mzazi akifika mlangoni na mtoto asiyefanana na wengine, amwulize kwanza mtoto huyo anaitwa nani.